Saa 75 ambazo mwalimu hayupo

Somo la krediti 12 lina saa 120 za kujifunza. Krediti moja ni saa 10, iwe unasoma stashahada inayosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, au shahada iliyo chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Sasa shika ratiba. Saa 3 za darasani kwa wiki, mara wiki 15 za muhula, ni saa 45. Zinabaki 75, yaani saa 5 kila wiki, na katika saa hizo mwalimu hayupo. Yuko kwenye kikao, yuko nyumbani anasahihisha, yuko kwenye shamba lake la mahindi Igawilo, Mbeya. Mwanafunzi yuko geto, chumba chake cha kupanga, yuko kwenye kimbweta, meza ya zege ya kujisomea, au amebanwa kwenye siti ya nyuma ya daladala akisubiri foleni ya barabara kuu ifunguke.

Ugomvi mwingi kati ya walimu wa vyuo na wanafunzi wao unahusu saa hizo 75, ingawa hakuna anayezitaja. Ofisini utasikia kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Kwenye kimbweta utasikia kwamba mwalimu anamwaga madesa, yaani noti za somo, kisha anaondoka. Wote wanasema kweli kiasi. Saa 5 za wiki zimeachwa kama shamba ambalo mtu amekabidhiwa bila kuonyeshwa mpaka: mwenye shamba anashangaa halijalimwa, na aliyekabidhiwa hajui aanzie wapi.

Msimamo wangu ni huu: kuzitumia saa hizo ni kazi ya mwanafunzi, kuzipangia kazi ni wajibu wa mwalimu, na kila upande lazima uwe na kitu ambacho mwenzake anaweza kukihesabu. Maneno kama "kila mtu atimize wajibu wake" yameandikwa kwenye mbao za matangazo za vyuo vingi, na hayajawahi kumsaidia mtu ikifika wiki ya sita. Wajibu unaogawanyika ni ule wenye kurasa, siku, karatasi na alama.

Kabla ya kugawana chochote, mwalimu apunguze mzigo. Wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya wanaijua lumbesa kwa uchungu: gunia linajazwa hadi mdomoni, linashonewa kilemba juu yake, na bei inabaki ya gunia moja. Masomo mengi ya vyuoni yamefungwa lumbesa. Mtaala una mada 9, mwalimu anaongeza 4 anazozipenda, na kila mada ina hendiauti ya kurasa 40. Muhula wenyewe ukiutazama vizuri hauna wiki 15 za kufundisha. Toa wiki ya testi, toa wiki ya marudio. Muhula wa pili toa na Karume tarehe 7 Aprili, Pasaka, Muungano tarehe 26 Aprili na Mei Mosi, ambazo kwa pamoja zinakula wiki nzima kama ratiba yako imeangukia siku hizo. Panga wiki 12. Ukibakiwa na wiki moja huko mwishoni, darasa litaifurahia.

Na kila wiki kati ya hizo 12 ibebe swali moja, maana mada haimwambii mwanafunzi afanye nini akifika geto. "Mbolea za viwandani" ni mada. Swali ni hili: mkulima wa Inyala, Mbeya, ana ekari moja ya mahindi, tuseme ameshauriwa kilo 60 za naitrojeni kwa hekta, je, anunue urea kiasi gani? Mwanafunzi mwenye swali hilo mfukoni anajua lini amemaliza kusoma. Mwenye mada hajui, kwa hiyo anasoma mpaka usingizi umpate, au haanzi kabisa. Nitautumia mfano huu wa urea hadi mwisho kwa sababu vyuo vya kilimo vya huku Nyanda za Juu Kusini vinaufundisha kila mwaka na kila mwaka makosa yake ni yale yale, lakini mwalimu wa uhasibu au wa ualimu atapata wa kwake bila shida.

Kipindi cha kwanza hakifai kuwa cha kusoma mtaala kwa sauti. Kiwe cha makubaliano, ukurasa mmoja, pande mbili za karatasi. Upande wa mwalimu uandikwe kwanza, kwa sababu mwenye nguvu ndiye anayepaswa kujifunga kwanza. Uwe na mambo manne, si zaidi: swali la wiki litatoka Ijumaa kabla ya saa 10 jioni, kazi iliyokusanywa itarudi ikiwa imesahihishwa ndani ya siku 14, mwalimu atakuwa ofisini saa mbili fulani kila wiki na mlango utakuwa wazi, mtihani hautauliza jambo ambalo halikutokea katika maswali 12. Upande wa wanafunzi nao uwe na manne: kusoma kurasa zisizozidi 10 kabla ya kipindi, kuja na jibu la swali la wiki limeandikwa kwa mkono, hata kama ni baya, kutomsainia mwenzake, na kusema mapema wanapokwama, kabla ya siku ya kukusanya.

Kisha liwekwe sharti ambalo walimu wengi huliogopa. Mwalimu akichelewa kurudisha kazi kwa siku 3, tarehe ya kukusanya kazi inayofuata inasogea siku 3, bila mwanafunzi kuomba. Makubaliano yanayomwadhibu mwanafunzi peke yake ni kanuni za chuo zilizoandikwa upya, na darasa linalitambua hilo dakika ileile. Sharti hili lina faida ya pili: linamzuia mwalimu kutoa kazi asizoweza kuzisahihisha.

Makubaliano huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyaandika marefu. Yakifika kurasa 3 hakuna atakayeyakumbuka wiki ya nne. Ya pili ni kuyapitisha kwa kunyanyua mikono. Darasa la watu 120 litanyanyua mikono hata kwa jambo lisiloeleweka. Afadhali wapewe dakika 10 wakiwa wawili wawili waandike jambo moja ambalo hawataliweza, na mwalimu alibadilishe au aeleze kwa nini habadilishi. Karibu kila darasa litasema kurasa 10 ni nyingi kwa sababu kitabu ni cha Kiingereza. Wana haki. Punguza ziwe 6 lakini usiondoe jibu la mkono.

Kuhusu Kiingereza niseme wazi, maana hapa ndipo juhudi nyingi njema zinapopotelea. Mwanafunzi amesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, na chuoni anatakiwa afikiri kwa lugha ambayo hajawahi kubishana kwayo. Mjadala ukilazimishwa uwe wa Kiingereza, darasa linanyamaza na watatu wa mbele ndio wanaoongea. Ukiachwa uwe wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, darasa linachangamka, halafu mtihani unakuja na watu wanaojua jibu wanashindwa kuliandika. Kinachofanya kazi ni kutenganisha hatua: kubishana kwa Kiswahili dakika 10, kisha dakika 10 za wawili wawili kuandika jibu lile lile kwa Kiingereza katika sentensi mbili tu, kisha sentensi tatu au nne zisomwe kwa sauti na zirekebishwe ubaoni. Hizo dakika 10 za kuandika ndizo mwalimu mwenye haraka huzikata, na ni kosa kubwa.

Liko pia suala la heshima. Kijana aliyelelewa Iringa au Tukuyu akifundishwa kwamba mkubwa akiongea unanyamaza, hataamka siku moja amwambie mwalimu kuwa hesabu ya ubaoni ina kosa. Atainakili ilivyo, na wenzake 119 watainakili. Kumwambia "kuwa huru" hakusaidii, kwa sababu huo uhuru hauna maneno. Mpe maneno. Siku ya kwanza waambie: ukiona kitu hakikai sawa, sema "Mwalimu, naomba turudi mstari wa tatu." Ni sentensi ya adabu, haimshtaki mtu, na mwalimu akiisikia anarudi mstari huo bila kujitetea. Halafu ndani ya wiki mbili za mwanzo weka kosa moja ubaoni kwa makusudi, wakitangulia kuambiwa kuwa lipo mahali fulani katika kipindi. Atakayeliona kwanza atatumia sentensi ile, na baada ya hapo imeshazoeleka.

Sasa kipindi chenyewe. Tuchukue cha saa 2, yaani dakika 120. Dakika 10 za mwanzo wanafunzi wafunge madaftari na waandike kwa kumbukumbu majibu ya maswali 3 ya wiki iliyopita. Hazitolewi alama. Sababu yake ni ya kitaalamu na inafaa waambiwe. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kuvisoma, wengine wakafunga karatasi na kujaribu kuvikumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa na mengi kichwani. Mwanafunzi anayejua hilo anaelewa kwa nini kulisoma desa mara nne usiku kunampa raha ya kujua, raha ambayo haifiki siku ya mtihani. Na saa zake 5 za wiki ataanza kuzitumia tofauti.

Baada ya hapo mwalimu azungumze dakika 20, zisizidi 25. Kisha swali la kadi. Njia hii aliianzisha Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991, na haihitaji mtambo wowote: kata manila, ile karatasi ngumu, vipande vya ukubwa wa kiganja, kila mwanafunzi awe na vinne vyenye A, B, C na D, rangi tofauti ili mwalimu aone kwa mtazamo mmoja. Swali letu la urea linaandikwa hivi. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Zinatakiwa kilo 60 za naitrojeni kwa hekta. Urea kiasi gani? A, kilo 27.6. B, kilo 60. C, kilo 87.6. D, kilo 130.

Kila jibu lisilo sahihi limewekwa kwa sababu. Anayenyanyua A amezidisha 60 kwa 0.46 badala ya kugawanya. Anadhani naitrojeni ndiyo inayobeba urea. Anayenyanyua B haoni tofauti ya mbolea na kirutubisho kilichomo. Anayenyanyua C ameongeza asilimia 46 juu ya 60, kama anayeongeza faida kwenye bei ya duka. Jibu ni D: 60 gawanya kwa 0.46 ni 130.4. Majibu ya kuchagua yaliyotungwa ovyo hayamwambii mwalimu chochote. Haya yanamwambia nani anahitaji nini.

Wanafunzi wafikiri dakika 2 kimya, wanyanyue kadi wote pamoja, kadi ikiwa kifuani ili jirani asiige. Mwalimu ahesabu kwa jicho. Waliopata wakiwa chini ya theluthi, rudi ubaoni, kwa maana wakijadiliana watapoteana. Wakizidi theluthi mbili, eleza kwa dakika moja uendelee. Wakiwa katikati, hapo ndipo penye utamu: waambie kila mmoja amtafute mwenzake mwenye kadi tofauti na amshawishi kwa dakika 4, kisha wapige kura tena. Usitoe jibu kabla ya kura ya pili. Mwalimu anayekosea hapa hukosea kwa kuanza kutikisa kichwa anapopita kati ya viti. Wanafunzi wanamsoma uso haraka kuliko wanavyosoma swali.

Kisha iletwe Inyala. Kilo 130 kwa hekta, hekta ni ekari 2.47, kwa hiyo ekari moja inataka kilo 53 hivi, karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Ofisa ugani aliyejibu A angempa mkulima kilo 27.6 kwa hekta nzima, ambazo zina naitrojeni kilo 12.7 tu, kama moja ya tano ya kilichotakiwa. Majani ya mahindi yangekuwa ya njano na mkulima angeambiwa ardhi yake imechoka. Mwanafunzi aone hilo kwa macho ya hesabu. Swali la pili la kadi liwe la DAP, mbolea ya kupandia, kwa sababu mfuko wake umeandikwa 18-46-0 na namba 46 inawachanganya: kwenye urea 46 ni naitrojeni, kwenye DAP ni fosfeti. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una naitrojeni kilo 9, na fosfeti kilo 23.

Nyanda za juu zina jambo moja ambalo vitabu vya ufundishaji havilitaji. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ikipiga bati la ukumbi usio na dari, hakuna sauti ya mwalimu itakayosikika, hata akipiga kelele. Wengi husimama wakisubiri, na dakika 40 zinaondoka. Tayarisha bahasha ya mvua: kazi ya kuandika ya dakika 30 ya watu wawili wawili, iliyokwisha kuchapwa, ambayo haihitaji maelezo ya mdomo. Kiongozi wa darasa aigawe mvua inapoanza bila kusubiri ishara. Umeme ukikatika na projekta ikazimika, bahasha ileile inafaa. Na Juni na Julai, kama una uwezo wa kuchagua, testi isiwe saa 1 asubuhi. Vidole vilivyoganda kwa baridi ya Uyole, Mbeya, haviandiki kwa kasi, na utakuwa unapima baridi.

Dakika 8 za mwisho ni za karatasi ndogo. Karatasi ya A4 ikatwe vipande vinne. Kila mwanafunzi anaandika namba yake ya usajili, jibu la swali moja fupi, na mahali alipokwama. Karatasi hiyo ndiyo mahudhurio. Vyuo vingi vinataka mahudhurio ya asilimia 75, na karatasi ya kusaini inayozunguka imegeuka kuwa zoezi la kusainiana. Kumsainia mwenzako ni sekunde moja, lakini kumwandikia jibu lenye mwandiko wake ni kazi. Gharama yake ni ndogo. Wanafunzi 120 kwa wiki 15 ni vipande 1,800, yaani karatasi nzima 450. Rimu moja ina 500. Rimu moja inamaliza muhula na zinabaki za testi.

Usizisahihishe. Zipange katika mafungu matatu: wameelewa, wanayumba, hawajaelewa. Sekunde 10 kwa kipande, watu 120, ni dakika 20. Kosa lililojitokeza zaidi ndilo linaloanza kipindi kinachofuata. Mwalimu asipofanya hivyo hata wiki mbili mfululizo, wanafunzi wataanza kuandika "nimeelewa" kwa herufi kubwa na kukimbilia mlango, na hawatakuwa na kosa: wameuliza, hawakujibiwa. Baada ya kupangwa, vifungwe kwa wiki, kwa mpangilio wa namba za usajili, na vitunzwe.

Kazi za vikundi ndizo zinazovunja urafiki vyuoni, kwa sababu zinagawa alama kwa usawa na kazi kwa upendeleo. Kikundi cha watu 10 ni watu 3 wanaofanya na 7 wanaotegea, hata wakiwa waungwana wote. Wawe 5. Darasa la 120 linatoa vikundi 24. Mwalimu avipange mwenyewe, na kigezo cha kwanza kiwe mahali wanapoishi. Ukimweka anayelala Uyole na anayelala Iyunga kikundi kimoja, wanakutana mara moja na baada ya hapo ni kutumiana ujumbe. Iringa ni hivyo hivyo kwa wa Kihesa na wa Ipogolo, ambaye ana kilima cha kupanda. Kigezo cha pili kiwe alama za testi ya kwanza, ili wenye nguvu wasijikusanye.

Acha vyeo vya mwenyekiti na katibu. Katibu ndiye anayeishia kufanya kazi yote. Kila mmoja alete kwanza ukurasa wake wa mkono wenye hesabu nzima au hoja nzima. Kikundi kikutane na kurasa 5, kizibishanie, kiandike ukurasa wa sita ulio bora kuliko zote. Zinakusanywa zote sita zikiwa zimebanwa pamoja. Kwenye alama 20, 8 ziwe za ukurasa wako mwenyewe, 8 za ukurasa wa pamoja, 4 za utetezi. Utetezi ni kura: mwalimu anaokota jina moja la kikundi na huyo anaeleza kazi kwa dakika 3 mbele ya ubao. Alama yake ni ya wote. Vikundi 24 kwa dakika 3 ni dakika 72, na ukiongeza za kupishana kipindi cha saa 2 kinatosha. Aliyeokotwa akishindwa, okota mwingine, lakini sasa alama za juu ni 2. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanaojua watawafundisha wasiojua, kwa kuwa hakuna anayejua nani ataitwa. Huo ndio mgawanyo wa wajibu ninaouamini zaidi kuliko wote.

Una hatari yake. Mwenye kigugumizi, au anayetetemeka mbele za watu, anaweza kuonekana ameangusha kikundi. Tangaza mapema kwamba utetezi unaweza kufanywa kwa kuandika ubaoni bila kusema neno, au ofisini, na asiulizwe sababu. Na anayetegea ajulikane siku ya 5 ya kazi ya siku 14, siyo siku ya kukusanya: kila mmoja aandike kwa siri kwenye kipande cha karatasi ni nani bado hajaleta ukurasa wake. Siku ya 5 mtu bado anaweza kuzungumzwa naye. Mara nyingine unakuta ana mgonjwa nyumbani, au hana nauli.

Hesabu ya kusahihisha ndiyo inayoangusha walimu wengi wenye nia nzuri. Insha 120 kwa dakika 12 kila moja ni saa 24. Ukitoa tatu kwa muhula ni saa 72, na utazirudisha baada ya mtihani, wakati hazimsaidii mtu. Toa kazi za ukurasa mmoja, dakika 5 kila moja, saa 10 kwa darasa zima. Kwenye karatasi usiandike maelezo marefu. Andika namba ya kosa. Orodha ya makosa 8 ya kawaida, yenye namba, itolewe kwa darasa, na mwanafunzi mwenyewe aandike marekebisho kando ya namba na arudishe ndani ya wiki. Alama moja iwe ya marekebisho hayo. Nusu ya kazi ya kusahihisha imehamia kwa anayehitaji kuifanya.

Juu ya akili mnemba, sidhani kwamba kupiga marufuku kunafika mbali. Swali lenye data za hapa ndilo linaloirudisha kazi kwa mwanafunzi: bei ya gunia la viazi Soko Matola la Mbeya au Mashine Tatu ya Iringa aliyoiuliza mwenyewe Jumamosi hii, pamoja na kipimo alichokiona kwa macho. Ukiongeza ukurasa wa mkono na dakika 3 za utetezi, aliyetumia mashine bila kuelewa atajulikana bila ya kuwindwa.

Kuna vitu visivyogawanywa. Alama ya mwisho ni ya mwalimu na anawajibika nayo peke yake. Usalama wa maabara na wa karakana vilevile. Na ukaribu huu wote wa makubaliano, ofisi iliyo wazi na vikundi usije ukafuta mpaka kati ya mwalimu na mwanafunzi. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mwenye mamlaka ya kutoa alama ndiye anayebeba lawama yake, hata aseme nini kuhusu aliyekuja ofisini. Mazungumzo ya alama yafanyike mlango ukiwa wazi, karatasi zisahihishwe kwa namba bila majina, na anayeombwa kitu ajue tangu wiki ya kwanza kwamba TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ipo na wapi ofisi yake ilipo.

Wiki ya 6 makubaliano yapimwe. Maswali matatu kwenye kipande cha karatasi: mwalimu ameshika lipi, amevunja lipi, na wewe umevunja lipi. Wiki ya 7 mwalimu arudi na majibu kwa hesabu: 41 wamesema naongea haraka, nitapunguza, 15 wanataka jibu la mkono liondolewe, haliondoki, na sababu ni hii. Ukikusanya maoni ukanyamaza nayo, afadhali usingekusanya.

Matokeo yakitoka watakuwepo wenye sapu, yaani mtihani wa kurudia. Kwa kawaida mwanafunzi wa sapu hurudi geto na rundo la madesa yote ya muhula na kuanza ukurasa wa kwanza. Mwalimu aliyetunza vipande vya karatasi afungue mafungu, achomoe vya namba ile ya usajili, kimoja kwa kila wiki aliyohudhuria, na amkabidhi. Vitapangwa mezani kwa wiki. Wiki ya 1 hadi ya 4 majibu yamenyooka. Wiki ya 5 ameandika "nimekwama kwenye kugawanya kwa asilimia". Wiki ya 6 hakuna kipande. Wiki ya 7 mwandiko ni wa haraka na jibu ni kilo 27.6. Sapu yake inaanzia wiki ya 5, na ana maswali 8 ya kufanya, siyo 12.